Utando, DNA na Seli ya Kuundwa: Maelezo ya Sayansi Mpya na Swali la Istilahi

1. Utangulizi

Katika somo la istilahi, mwanafunzi mmoja wa mjini Butembo aliuliza swali ambalo mwandishi wa makala haya hakuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa amesoma kwa Kifaransa habari za wanasayansi wanaojaribu kutengeneza seli katika maabara, na siku za mapumziko akajaribu kuzieleza kwa mama yake mkubwa, muuguzi mstaafu wa wilaya ya Lubero. Alipotamka maneno "seli bandia", mama akamkatiza: "Bandia kama dawa bandia? Basi wasituletee huku." Mwanafunzi akataka kujua kosa lilikuwa la nani: la mama, la sayansi, au la neno.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanakusudia kueleza kwa Kiswahili kazi inayofanywa siku hizi ya kutumia DNA kama kifaa cha ujenzi juu ya tando za lipidi, ili hatimaye ipatikane seli iliyoundwa na binadamu. Pili, yanapima maneno matatu tunayoyatumia katika maelezo hayo, yaani utando, kinasaba na bandia. Hoja yetu ni kwamba neno la sayansi halifiki kwa watu likiwa peke yake. Hufika pamoja na maana zake za zamani, na maana hizo ndizo zinazosikika kwanza. Kwa hiyo uchaguzi wa istilahi ni sehemu ya maelezo yenyewe, wala si kazi ya kuachwa mpaka mwisho.

2. Fundisho la miaka ya Ebola

Msomaji anaweza kuuliza: habari za maabara za Ulaya na Marekani zinawahusu nini watu wa Lubero, Butembo na Beni? Jibu limo katika historia yetu ya karibuni.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola uliogunduliwa Mangina, katika wilaya ya Beni. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Katika muda huo jimbo letu likawa mahali pa sayansi ya hali ya juu. Chanjo ya rVSV-ZEBOV, ambayo ilipaswa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, walipewa watu zaidi ya 300,000. Kuanzia Novemba 2018 dawa nne zilijaribiwa katika vituo vya matibabu vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mwezi Agosti 2019 ilitangazwa kwamba mbili kati yake ziliokoa maisha kuliko nyingine. Moja ya hizo mbili, mAb114, ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi yake ya INRB ya Kinshasa walishiriki katika kazi hiyo tangu mwanzo.

Wanaisimu wanapaswa kukumbuka jambo moja zaidi: utafiti huo wa dawa ulibeba jina la Kiswahili. Uliitwa PALM, ufupisho wa maneno "Pamoja Tulinde Maisha". Lakini nyuma ya jina hilo zuri, maelezo mengi yalibaki katika Kifaransa. Hata kazi nzima ya kupambana na ugonjwa iliitwa kwa neno la Kifaransa, na raia wakasema tu "watu wa riposti". Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilichunguza suala la lugha katika eneo la Beni, likakuta kwamba watu walitaka maelezo ya kina, tena kwa lugha wanazozielewa vizuri. Hawakuridhika na amri fupifupi za "nawa mikono" na "usiguse maiti". Walitaka kujua kwa nini.

Hatudai kwamba lugha ndiyo iliyosababisha vituo vya Katwa na Butembo kushambuliwa mwezi Februari 2019. Sababu zilikuwa nyingi: vita vya miaka mingi, mauaji ya raia, na uchaguzi wa Desemba 2018 ambao uliahirishwa Beni na Butembo huku sehemu nyingine za nchi zikipiga kura. Tunachosema ni kwamba palipokuwa na shaka, neno lisiloeleweka liliiongeza, na neno lililoeleweka lilipata nafasi ya kuipunguza. Tukilikubali hilo, tutaona umuhimu wa kutayarisha maneno kabla sayansi nyingine haijafika mlangoni.

3. Utando ni nini

Kila seli hai, iwe ya mtu, ya ng'ombe au ya mharagwe, imezungukwa na utando mwembamba sana. Unene wake ni kama nanometa 4 hadi 5. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kazi ya utando ni kutenga ndani na nje, kuruhusu baadhi ya vitu kupita na kuzuia vingine.

Utando huo umejengwa hasa kwa lipidi, yaani vitu vya jamii ya mafuta. Kila mtu aliyepika anajua kwamba mafuta ya mawese hayachanganyiki na maji. Huelea juu yakawa madoa ya duara. Lipidi za utando zina tabia ya pekee. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikiwekwa ndani ya maji, hujipanga zenyewe katika tabaka mbili: vichwa vinaelekea nje kwenye maji, na mikia inajificha katikati, mbali na maji. Mwaka 1925 Gorter na Grendel walionyesha kwa mara ya kwanza kwamba utando wa chembe nyekundu za damu una tabaka mbili za namna hiyo. Katika miaka ya 1960 Alec Bangham wa Uingereza aliona kwamba lipidi zikitiwa maji hujifunga zenyewe kuwa vifuko vidogo vya duara. Vifuko hivyo huitwa liposomu. Hakuna aliyevishona, asili ya lipidi yenyewe ndiyo iliyovifunga.

Mwaka 1972 Singer na Nicolson waliongeza jambo muhimu: utando si ukuta mgumu. Molekuli zake huteleza pembeni mwa wenzake wakati wote, kama watu wanaopishana sokoni, na protini huelea humo. Utando ni kitu cha majimaji ingawa una umbo.

Virusi vya Ebola navyo vimevaa utando wa lipidi, ambao huuchukua kutoka katika seli ya mtu vinapotoka humo. Juu ya utando huo kumechomoza protini zinazoviwezesha kuingia katika seli nyingine. Hapo ndipo tunapopata jibu la "kwa nini" ambalo watu walilitaka. Molekuli ya sabuni nayo ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia hujipenyeza kati ya lipidi za utando wa kirusi, utando ukatatuka, na kirusi kikapoteza uwezo wa kuambukiza. Kipande cha sabuni cha mamake mtu hapa Butembo hufanya kazi hiyo bila kuhitaji friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Maelezo haya hayazidi sentensi tano, na yangaliweza kutolewa kwa Kiswahili katika kila kituo cha kunawia mikono.

4. DNA kama mti wa kujengea

Tunaijua DNA (ambayo wasomaji wetu wa Kifaransa huiita ADN) kama hifadhi ya urithi. Umbo lake la nyuzi mbili zilizosokotana lilielezwa mwaka 1953 na Watson na Crick, kwa msaada mkubwa wa picha za eksirei zilizopigwa katika maabara ya Rosalind Franklin. Kila uzi una mfululizo wa besi nne zinazoandikwa kwa herufi A, T, G na C. Herufi A hushikana na T, na G hushikana na C. Ukiujua mfululizo wa uzi mmoja, umeujua wa pili.

Kanuni hiyo rahisi ndiyo iliyozaa nanoteknolojia ya DNA. Mwaka 1982 Nadrian Seeman, mwanasayansi wa Marekani, alitoa wazo kwamba DNA inaweza kutumiwa bila kujali urithi hata kidogo. Kwa kuwa tunajua kwa hakika uzi upi utashikana na upi, tunaweza kuandika mfululizo wa herufi kwa namna ambayo nyuzi zitajifunga zenyewe katika umbo tunalolitaka. DNA ikawa mti wa kujengea. Upana wa uzi pacha ni nanometa 2, na kutoka herufi moja hadi inayofuata ni nanometa 0.34, kwa hiyo mjenzi ana kipimo kamili.

Mwaka 2006 Paul Rothemund, pia wa Marekani, alirahisisha kazi hiyo kwa njia inayoitwa origami ya DNA, kwa kufuata jina la ufundi wa Kijapani wa kukunja karatasi. Alichukua uzi mmoja mrefu wa DNA wa kirusi cha bakteria, wenye herufi zipatazo 7,000, akauchanganya na nyuzi fupi zaidi ya 200. Kila uzi mfupi ulikuwa umeandikwa ushike sehemu mbili au zaidi za uzi mrefu na kuzivuta pamoja. Mchanganyiko ulipopashwa moto na kupoozwa polepole, uzi mrefu ulikunjika ukawa mraba, nyota, hata uso unaotabasamu.

Aliyewahi kuona nyumba ya miti na udongo ikijengwa vijijini kwetu ataelewa haraka. Fito zinapindwa na kupitishwa, na kamba fupi zinazifunga kila zinapokutana. Ukijua mahali pa kila kamba, umelijua umbo la ukuta. Tofauti ni kwamba hapa kamba zenyewe zinajua mahali pake.

5. DNA juu ya utando

Sasa tuunganishe sehemu mbili tulizozieleza. Kuna kikwazo: DNA ina chaji hasi na hupenda maji, lakini moyo wa utando ni mafuta. Viwili hivyo havikai pamoja kwa hiari. Njia iliyopatikana ni kuipa DNA nanga. Baadhi ya nyuzi zake huunganishwa na kolesteroli, ambayo ni ya jamii ya lipidi. Kolesteroli huzama katika utando, na umbo la DNA hubaki limeshikiliwa juu yake.

Kwa njia hiyo yamefanyika mambo ya aina tatu.

La kwanza ni kutengeneza milango. Mwaka 2012 watafiti wa Munich, Ujerumani, wakiongozwa na Friedrich Simmel na Hendrik Dietz, walichapisha habari za mrija wa DNA wenye nanga 26 za kolesteroli, uliotoboa utando na kupitisha ayoni. Mwaka 2016 kundi la Stefan Howorka la London lilionyesha mlango wa DNA wenye kufuli: uzi mmoja unauziba, na uzi mwingine, ambao ni ufunguo, ukija unaufungua.

La pili ni kuupa utando umbo. Mwaka 2018 kundi la Petra Schwille, pia la Ujerumani, lilitumia vipande vya origami vilivyopinda kama mundu. Vilipokusanyika juu ya liposomu kubwa, vilipindisha utando wake ufuate umbo lao, kama zinavyofanya protini fulani katika seli zetu.

La tatu linachanganya hayo mawili. Mwezi Januari 2025 kundi la Laura Na Liu la Chuo Kikuu cha Stuttgart lilieleza vipande bapa vya DNA, mfano wa maboya, vinavyokaa juu ya utando. Vikiamriwa kwa nyuzi maalumu, hubadili umbo kutoka mraba kuwa mwembamba na mrefu, na liposomu hubadilika pamoja navyo. Tena vimesaidia kufungua njia pana za kupitisha molekuli kubwa kama protini, na njia hizo ziliweza kufungwa tena.

6. Seli ya kuundwa imefika wapi

Kuna njia mbili za kuelekea seli ya kuundwa. Njia ya kwanza inaanzia juu kwenda chini: kuchukua kiumbe hai na kukipunguza. Mwaka 2010 taasisi ya Craig Venter ya Marekani ilitengeneza jenomu nzima ya bakteria Mycoplasma mycoides, yenye jozi za herufi zaidi ya milioni moja, ikaiweka katika seli ya bakteria wa jamii hiyo. Mwaka 2016 jenomu hiyo ilipunguzwa hadi jeni 473. Njia hii haiko mbali nasi. Jamaa wa bakteria huyo ndiye anayesababisha homa ya mapafu ya ng'ombe, ugonjwa wanaoujua wafugaji wa Afrika ya Mashariki. Taasisi ya ILRI ya Nairobi ilishirikiana na watafiti wa Venter, na mwaka 2019 ilichapishwa habari ya majaribio ya mbuzi yaliyoonyesha kwamba bakteria aliyeondolewa sehemu ya jeni zake hakuweza tena kuwaua.

Njia ya pili inaanzia chini kwenda juu: kuchukua lipidi, DNA na protini, vitu visivyo na uhai, na kuviunganisha kimoja kimoja. Hiyo ndiyo njia tuliyoieleza. Faida yake ni kwamba mtafiti anajua kila kilichomo. Matumaini yaliyopo ni kupata vifuko vinavyobeba dawa na kuifungulia penye ugonjwa tu, au vinavyotambua dalili ya maradhi mapema, na zaidi ya yote kuelewa uhai ulianzaje.

Lakini yafaa tuseme wazi. Mpaka leo hakuna seli iliyojengwa kutoka vitu visivyo na uhai ambayo inajilisha, inakua na kugawanyika yenyewe kizazi baada ya kizazi. Kilichopo ni kifuko chenye mlango, kifuko chenye kiunzi, kifuko kinachobadili umbo. Viungo vingi vimepatikana kimoja kimoja. Kuvikusanya vikafanya kazi pamoja ndiyo kazi iliyobaki.

7. Maneno matatu

(a) Utando au kiwambo. Maandishi ya Kiswahili hutumia yote mawili. Kiwambo kinatokana na kitenzi -wamba, yaani kuvuta ngozi ikakazana juu ya ngoma. Ni neno zuri kwa kiwambo cha sikio, ambacho kwa kweli kimekazwa. Utando unatokana na -tanda, yaani kuenea juu ya kitu, kama mawingu yatandavyo angani. Tumeona kwamba utando wa seli hauna ukavu wa ngozi ya ngoma; umeenea, na molekuli zake zinateleza. Kwa hiyo utando ni neno la kweli zaidi kisayansi. Aliyefundishwa "kiwambo" atashangaa akisikia kwamba kinaweza kupindwa, kutobolewa na kujifunga tena; aliyefundishwa "utando" hatashangaa sana.

(b) Kinasaba au DNA. Neno kinasaba, lililotokana na nasaba, limezoeleka kwa maana ya urithi, na linafaa tunapozungumzia mtoto na baba yake. Lakini katika kazi tuliyoieleza DNA haibebi nasaba ya mtu yeyote. Ni fito na kamba. Tukisema "wanaweka vinasaba juu ya seli", msikilizaji ana haki ya kuuliza ni vinasaba vya nani, na ukoo wa nani unaguswa. Hofu hiyo itakuwa imeletwa na sisi. Tunapendekeza kutumia DNA pale inapokuwa kifaa cha ujenzi, na kukiacha kinasaba pale panapokuwa na urithi.

(c) Bandia au ya kuundwa. Neno bandia si baya kwa asili yake. Meno ya bandia hutafuna, na mguu wa bandia umewarudisha wengi shambani. Lakini likisimama karibu na dawa, jamaa zake wengine huitika: dawa bandia, noti bandia. Mama wa Lubero hakukosea Kiswahili. Alilisikia neno kama linavyosikika katika duka la dawa. Mjadala kama huu umekwisha kuonekana katika habari za kompyuta, ambako wengine husema akili bandia, wengine akili mnemba, na wengine akili unde.

Sisi tunaona kwamba seli unde linafaa katika maandishi ya kitaaluma. Linatoka katika kitenzi -unda, ambacho kwa asili ni kazi ya fundi wa vyombo vya baharini, na humohumo ndimo lilimotoka neno kiunzi tulilolitumia hapo juu. Maneno hayo mawili yatasaidiana. Hata hivyo hatuna budi kukiri kwamba -unda halisikiki sana katika Kiswahili cha huku kwetu. Watu husema kutengeneza. Kwa hiyo katika kituo cha afya, kanisani na redioni tungesema seli ya kutengenezwa, bila kuona haya kwamba ni maneno matatu badala ya mawili. Ufupi ni sifa ya istilahi, lakini kueleweka kunatangulia.

8. Hitimisho

Mwaka 1990 TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na kazi hiyo ilitufundisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Lililobaki kwetu wa Kongo ni kukibebesha katika vinywa vya watu wetu, pamoja na Kinande wanachokizungumza nyumbani. Tunawashauri wanafunzi wa idara za lugha wachukue istilahi chache za biolojia kila mwaka, wakae na wenzao wa tiba na kilimo ili wajue kitu chenyewe, kisha waende kuzijaribu kwa wasikilizaji wasiosoma Kifaransa na kuandika wanachoambiwa.

Ndivyo tulivyofanya kwa swali la mwanafunzi wetu. Alirudi kwa mama yake mkubwa akamweleza upya, akianzia kwenye mawese na sabuni, akaishia kwenye kifuko chenye mlango na ufunguo, kilichotengenezwa na watu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na huo ufunguo unashikwa na nani?" Hilo si swali la mtu asiyeelewa. Ni swali ambalo hata wanasayansi wenyewe wanapaswa kulijibu, na mama aliweza kuliuliza kwa sababu maneno yalimfikisha hapo.